Udongo wa Tangi la Darasa la Sita

Kila asubuhi Koleta alitoka nyumbani na ufagio mkono mmoja na kopo la maji mkono wa pili. Ndivyo walivyofanya wanafunzi wote wa shule yao mjini Same. Ufagio ulikuwa wa kufagilia uwanja, na maji yalikuwa ya kumwagilia miche ya miti iliyopandwa mbele ya madarasa. Same ni mji mkavu. Mawingu hupita juu yake yakaenda kunyesha milimani, na mjini huachwa vumbi tu. Bomba la mtaa wa kina Koleta lilitoa maji siku tatu kwa wiki, kwa hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kumwaga maji kwa mchezo.

Ulikuwa mwaka 1986. Kwa miaka mingi maduka yalikuwa matupu, na watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na hata viberiti. Sasa bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi polepole. Sabuni ya mche ilionekana tena, na nguo za mitumba zilianza kuuzwa sokoni. Lakini shuleni shida ilikuwa ile ile. Wanafunzi wanne walisoma kitabu kimoja, na chaki moja ilivunjwa vipande vitatu ili itoshe madarasa matatu.

Mwalimu Abednego, aliyefundisha sayansi, hakuwa mtu wa kulalamika. Mwezi wa Mei alipewa kabati la kioo kutoka duka moja lililofungwa, kabati ambalo kwa miaka minne halikuwa na kitu cha kuonyesha. Alimwomba fundi Melkizedeki, mtengeneza madirisha, akate vioo vile na kuviunga upya kwa fremu ya chuma na puti ya kugandishia vioo. Kazi ilipokwisha, darasa la sita likawa na tangi la kioo lenye urefu wa meza ya mwalimu.

"Hili litakuwa tangi la samaki," mwalimu aliwaambia.

"Samaki wa kula, Mwalimu?" aliuliza Rodrick, kiranja wa darasa. Watoto wakacheka.

"Samaki wa kusomea," alijibu mwalimu. "Bwana afya ameniambia kuna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Tukiwafuga hapa wakazaana, tutawaweka katika matangi ya maji ya shule, na baadaye katika matangi ya watu mtaani. Ni nani kati yenu ambaye mtu wa nyumbani kwake aliugua malaria mwezi uliopita?"

Mikono mingi iliinuka. Wa Zaituni uliinuka juu kuliko yote. Zaituni alikuwa mgeni, hana hata mwaka shuleni pale. Baba yake, Mzee Hamisi, alitoka Songea kuja kukata mkonge katika shamba lililoko tambarare, na mdogo wake alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa wiki mbili kwa malaria.

"Mwalimu, baba huwaona samaki hao kwenye mifereji ya shambani," alisema kwa sauti ndogo. "Naweza kumwomba atuletee."

Darasa zima liligeuka kumtazama. Tangu afike hapo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumtazama kwa namna hiyo.

Mwalimu Abednego akachora tangi ubaoni. Aliwaeleza kwamba shule haikuwa na umeme wa kuendesha pampu ya hewa, wala Same haikuwa na maji ya kubadilisha kila wiki. Kwa hiyo mimea ndiyo ingefanya kazi hiyo. Mimea ya majini ikipata mwanga hutoa hewa ambayo samaki huvuta, nayo hula uchafu unaotoka kwa samaki. Lakini mimea huhitaji kushika mizizi mahali penye chakula, ndiyo maana chini ya tangi kungewekwa udongo, na juu yake mchanga wa kuufunika.

"Si kila udongo unafaa," alisema. "Udongo wenye samadi ukilowana huoza, ukatoa hewa mbaya, na samaki wakafa. Tunataka udongo safi wa pembeni mwa ndiva. Nani ana ndugu milimani?"

Wapare wote darasani waliijua ndiva. Ni bwawa lililochimbwa na wazee tangu zamani ili kukusanya maji ya kumwagilia mashamba, na pembeni mwake hubaki udongo laini ulioletwa na maji. Koleta alinyoosha kidole.

"Bibi yangu yuko Chome, Mwalimu. Ndiva iko chini ya shamba lake. Nitakuwa kwake likizo yote ya Juni."

"Vizuri sana. Chukua udongo debe moja. Uuchekeche, uuloweke siku mbili, umwage maji, kisha uuanike mpaka ukauke kabisa. Rudia hivyo mara tatu, ili kila kinachoweza kuoza kiozee huko huko. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Na siku ile alikusudia kuweza.

Chome ilikuwa na baridi, na ukungu wa msitu wa Shengena ulishuka hadi mlangoni kwa Bibi Beatha. Siku ya kwanza Koleta alisema amechoka na safari ya lori. Siku ya tatu binamu zake walimwita kukata miwa. Kisha yakaja maandalizi ya kipaimara cha binamu mmoja, na nyumba ikajaa wageni, nyimbo na ndizi za kupika.

"Mjukuu wangu, ule udongo wa mwalimu je?" bibi aliuliza.

"Kesho, bibi."

Alisema kesho mara nne au tano. Ndiva ilikuwa mwendo wa robo saa tu, lakini kupanda kutoka huko na mzigo kulikuwa kazi, na Koleta aliona siku bado ni nyingi. Asubuhi ya kuondoka, lori lilipiga honi barabarani. Alikimbia na mfuko wa maharage aliopewa na bibi kichwani, na gunia tupu kwapani.

Njiani kote alijiambia kwamba angemweleza mwalimu ukweli. Lakini jioni ile, alipofika Same, alipita nyuma ya zizi la mbuzi la jirani yao, Mzee Lukasi. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi na laini, mzuri kuliko hata ule wa ndiva. Koleta alisimama akiutazama.

"Udongo ni udongo," alijiambia. Akachukua jembe, akajaza debe.

Jumatatu Mwalimu Abednego aliinua konzi ya udongo ule akausugua kwa vidole. "Umetoka ndiva?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na uliuloweka na kuuanika mara tatu?"

"Mara tatu, Mwalimu. Ile mara ya pili mvua ilitaka kunyesha, nikakimbia kuuingiza jikoni kwa bibi."

Hakuna aliyemuuliza habari ya mvua. Maneno hayo yalitoka yenyewe, na yalipotoka Koleta alishangaa jinsi yalivyokuwa mazuri. Mwalimu alitabasamu. "Hii ndiyo kazi ya mtu anayejituma. Mpigieni makofi." Darasa likapiga makofi. Zaituni alipiga kwa nguvu, akitabasamu kama aliyesifiwa yeye mwenyewe. Koleta aliinamisha uso akajifanya kufunga kamba ya kiatu.

Kazi ya kupanga tangi ilichukua siku mbili. Walitandaza udongo kina cha vidole viwili. Koleta, kwa kuwa ndiye aliyeuleta, alipewa heshima ya kuusawazisha kwa mkono. Alipokuwa akiusawazisha, kinyesi cha mbuzi, kidogo na cheusi kama punje ya kunde, kilijitokeza kati ya vidole vyake. Alitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Alikididimiza kwa kidole gumba hadi kikapotea.

Juu ya udongo walimwaga mchanga wa korongoni, uliooshwa mpaka maji yake yakawa meupe. Waliweka sahani juu ya mchanga na kumiminia maji taratibu juu ya sahani ile ili udongo usitibuke. Maji yenyewe yalitoka majumbani. Wanafunzi arobaini na watatu walileta kila mmoja makopo mawili, na wengine walikuwa wamesimama kwenye foleni ya bomba tangu alfajiri kuyapata. Mwisho walipanda majani ya majini waliyoyatoa kijitoni, wakaliweka tangi karibu na dirisha.

Mwalimu alikuwa amesema kwamba samaki wangesubiri wiki tatu. Lakini siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na bwana afya alikuwa amealikwa, kwa hiyo baada ya siku nane akaamua samaki waingie. Mzee Hamisi aliwaleta kwa baiskeli, ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole cha mtoto.

"Zaituni atakuwa mlishaji," mwalimu alisema. "Chembe kidogo za dagaa waliosagwa, mara moja kwa siku, si zaidi."

Tangu siku ile mapumziko ya saa nne hayakuwa yale ya zamani. Watoto waliokuwa hawajui hata jina la Zaituni walimzunguka wakimwomba awaonyeshe yule samaki mwenye doa mkiani. Zaituni alicheka kwa sauti, jambo ambalo Koleta hakuwahi kulisikia. Siku nne zilipita hivyo.

Jumatatu maji yalianza kuwa na rangi ya chai. Jumanne mapovu yalitoka chini ya mchanga, na ukiinama karibu ulisikia harufu ya mayai viza. Samaki walipanda wote juu, midomo wazi, wakigombea hewa. Asubuhi ya Jumatano, Zaituni alipofungua dirisha, samaki wote kumi na wawili walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Alisimama tu na karatasi ya dagaa mkononi.

"Umewalisha kupita kiasi!" alisema Rodrick. "Chakula kimeoza ndani ya maji. Mwalimu alisema chembe kidogo!"

"Labda alitaka wakue haraka awapeleke kwao Songea," mwingine akadakia, na baadhi wakacheka.

"Maji yetu yote yameharibika," alilalamika msichana mmoja. "Mama alinigombeza kwa ajili ya maji yale."

Koleta alikuwa ameketi dawati la pili. Alijua. Tangu harufu ile ilipoanza alijua, kwa maana ilikuwa harufu ya zizi la Mzee Lukasi siku ya mvua. Alifungua mdomo, akaufunga.

Mwalimu Abednego aliingia, akaona, akaliinamia tangi. Kabla hajasema lolote Zaituni alisimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, nadhani ni mimi," alisema. "Ijumaa niliweka chembe nyingi kidogo, kwa sababu Jumamosi hakuna shule. Naomba radhi kwako, Mwalimu. Na kwenu nyote mlioleta maji, naomba radhi."

"Kaa, Zaituni," mwalimu alisema kwa upole. "Hatujui bado."

Lakini darasa lilikuwa limeshajua, au lilidhani linajua. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemsogelea Zaituni. Koleta alisimama nyuma ya choo cha shule na hindi la kuchoma mkononi, bila kuliuma. Alijaribu kujiambia kwamba pengine ni kweli chembe za dagaa ndizo zilizoua. Halafu kidole gumba chake kikakumbuka kile kitu kidogo cheusi, na hakuweza kujidanganya tena.

Nyumbani mama yake alimwona akichezea ugali.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi mtu akiwa haumwi hula." Mama Koleta alimpapasa paji la uso, asione joto, akaondoa sahani. Koleta alitamani apate homa ya kweli, ili asiende shule.

Siku mbili baadaye, siku ya zamu ya maji, alipokuwa akirudi kutoka dukani alimwona Zaituni akitembea kando ya barabara na ndoo kubwa kichwani. Shingo yake ilikuwa imekaza, na maji yalimdondokea begani. Nyumbani kwa kina Zaituni kulikuwa upande mwingine kabisa.

"Unapeleka wapi maji hayo?" Koleta aliuliza.

"Shuleni. Nimezungumza na mlinzi, kuna pipa nyuma ya ofisi." Zaituni hakusimama. "Kila mtu alileta maji yake, na mimi nimeyaharibu. Nayarudisha. Hii ni ndoo ya tano. Zikifika nane, nadhani zitatosha."

Koleta alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo njia panda. Alitembea hatua chache pembeni mwake, kisha miguu ikagoma.

"Zaituni, tua ndoo."

"Nitachelewa. Nimekuwa kwenye foleni tangu tulipotoka shule."

"Tua, nakuomba." Alimsaidia kuitua chini. Alitazama maji ndani ya ndoo, maana macho ya Zaituni hakuweza kuyatazama. "Si wewe uliyewaua. Ule udongo sikuutoa ndiva. Niliutoa kwenye zizi la mbuzi, pale kwetu. Sikuuloweka wala sikuuanika. Nilidanganya."

Lori la mkonge lilipita, vumbi likawafunika wote wawili, kisha likatulia.

"Ulinisikia nikiomba radhi," Zaituni alisema hatimaye. "Ulikuwa umekaa pale pale. Ukanisikia."

"Ndiyo."

Koleta alingoja apigwe au atukanwe. Ingekuwa afadhali. Zaituni alijifuta bega lililolowa, akageuka, akaenda zake kwao, akiiacha ndoo barabarani.

Koleta aliibeba ndoo ile kichwani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na alipumzika mara tatu kabla ya kufika shuleni. Mwalimu Abednego alikuwa ofisini akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Koleta. Mbona umelowa hivyo?"

Alimweleza yote: zile kesho zote za Chome, gunia tupu, zizi, hadithi ya mvua, kinyesi alichokididimiza, na Zaituni na ndoo zake tano. Mara hii maneno hayakutoka yenyewe. Ilibidi ayavute moja moja. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Umeniambia mimi, na umemwambia Zaituni," alisema. "Lakini Zaituni aliomba radhi mbele ya watu arobaini na wawili. Unafikiri imebaki nini?"

Koleta aliinamisha kichwa. Alikuwa akitumaini kwamba mwalimu angemchapa fimbo mbili ofisini, mambo yakaishia hapo.

Jumatatu alisimama mahali pale pale alipokuwa amesimama Zaituni. Hakukumbuka baadaye alisema maneno gani, ila alikumbuka kwamba aliposema "zizi la mbuzi" kuna mtu aliguna, na kwamba alipomaliza hakuna aliyecheka. Rodrick naye alisimama bila kuambiwa, akamwambia Zaituni, "Nilikushutumu bure. Nisamehe." Zaituni aliitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa kwenye daftari.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Tangi lilikuwa limemwagwa na kufunikwa kwa kanga kuukuu. Wazazi walitazama madaftari, wakasikiliza ngonjera, wakala mihogo. Ndipo Koleta akamwona Mzee Hamisi akija kutoka getini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amemshika mkono mtoto mwembamba, yule mdogo wake Zaituni aliyetoka hospitali. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la darasa la sita, akaona kanga.

"Samaki wetu wamelala?" alimwuliza Zaituni, aliyekuwa amesimama hapo, kwa utani.

Zaituni hakuwa amemwambia. Koleta aliona jinsi alivyotafuta maneno, na akajua kwamba maneno hayo hayakuwa ya Zaituni kuyatafuta. Alikwenda, akajiinamisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Samaki uliotuletea wamekufa wote. Ni mimi niliyesababisha. Nilileta udongo mbaya nikasema ni mzuri, na watu wakamlaumu Zaituni. Naomba unisamehe."

Mzee Hamisi alimtazama binti yake, kisha Koleta. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Mtoto mdogo alikuwa ameinua pembe ya kanga akichungulia tangi tupu.

"Niliingia kwenye mfereji siku mbili kuwapata wale," alisema polepole. "Siwezi kusema sijaumia. Lakini umenitazama usoni ukaniambia. Watu wazima wengi wasingeweza." Akamvuta mtoto kutoka kwenye kanga. "Ukipata udongo mzuri, mwambie Zaituni. Mfereji bado uko pale pale."

Mama Koleta alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao na alisikia kila neno. Walipofika nyumbani alisema, "Kesho tunapanda Chome. Bibi yako utamweleza mwenyewe."

Bibi Beatha alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage. "Ulipokuwa unaaga niliona gunia ni tupu," alisema. "Nikanyamaza kwa kuwa lori lilikuwa linapiga honi. Hapo na mimi nilikosea. Haya, jembe liko nyuma ya mlango." Hakumpa binamu yeyote wa kumsaidia. Koleta alishuka ndiva na kupanda mara nne, na jioni mabega yake yaliuma hata kuyalalia hakuweza.

Mwalimu hakutaka kazi iliyobaki ifanyikie nyumbani. Kila siku baada ya masomo Koleta alichekecha, akaloweka na kuanika udongo wake kwenye bati mbele ya darasa, mahali ambapo kila mpita njia alimwona. Maji ya kulowekea aliyabeba mwenyewe kutoka bombani, na yakishatumika aliyamwagia miche. Watoto wa madarasa ya chini walimpa jina: Koleta wa Mbuzi. Lilimuuma, lakini aliendelea kuchekecha.

Siku ya kwanza ya kuanika mara ya tatu, upepo wa Same ulivuma ukataka kuinua bati. Koleta aliliangukia kwa mikono miwili. Mkono mwingine ukashika upande wa pili. Alikuwa Zaituni.

"Bado sijasahau," Zaituni alisema.

"Najua."

"Basi shika vizuri. Udongo wote unamwagika."

Walishika hadi upepo ulipotulia, na kesho yake Zaituni alikuja tena bila kuitwa.

Safari hii hakuna aliyeharakisha. Udongo uliwekwa, ukafunikwa kwa mchanga, majani yakapandwa, na tangi likakaa wiki tatu bila samaki. Kila asubuhi mwalimu aliwataka wanafunzi wawili wanuse maji na kuandika daftarini walichoona. Wiki ya kwanza maji yalikuwa na ukungu kidogo. Wiki ya pili yalitakata. Wiki ya tatu majani yalikuwa yametoa machipukizi mapya, na saa sita, jua lilipopiga dirishani, vipovu vidogo vya hewa vilishikamana juu yake na kupanda kimoja kimoja. Mzee Hamisi akaleta samaki tisa.

Bwana afya alikuja siku ya Alhamisi na chupa ya viluwiluwi. Alivimimina ndani ya tangi, na kabla hajamaliza kuhesabu hadi ishirini samaki walikuwa wamevimaliza vyote. Darasa lilipiga kelele za furaha. Zaituni, mlishaji wa samaki, ndiye aliyemweleza mgeni wanavyotunzwa. Koleta alisimama nyuma. Alifurahi, lakini ndani ya furaha ile kulikuwa bado na mwiba, kwa maana alijua ni samaki wangapi walikufa kabla ya hawa.

Mgeni alipoondoka Mwalimu Abednego aliwaambia wakae.

"Nina jambo langu la kusema kwanza," alianza. "Niliwaambia samaki wasubiri wiki tatu, kisha nikawaingiza siku ya nane kwa sababu nilitaka wageni waone. Ningesubiri, harufu ingetuonya kabla samaki hawajafa. Kwa hiyo sehemu ya kosa lile ni yangu, nami naomba radhi."

Wanafunzi walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo.

"Sasa sikilizeni. Koleta alianza kwa uvivu tu. Uvivu ni kosa, lakini lilikuwa kosa dogo. Angekuja na gunia tupu akasema, 'Mwalimu, sikufanya,' ningemkaripia, tungesubiri wiki chache, basi. Ni uongo uliolikuza kosa lile, mpaka likaua samaki, likapoteza maji yenu, na likamwangukia mtu asiyehusika. Uongo haukai kwa aliyeusema peke yake. Hutafuta mwingine wa kuubeba. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na ni kweli, lakini ninyi mmeona kwamba hata fupi hivyo inatosha kumuumiza mwenzako. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lako. Aibu ya kusema ukweli ni kubwa, siwafichi. Koleta anaijua. Lakini hiyo humalizwa kwa kazi. Aibu ya kunyamaza haimalizwi na kitu."

Alifunga daftari la sayansi akalitazama darasa zima, na macho yake hayakukaa kwa Koleta kuliko kwa wengine.

"Zaituni, zamu ya kunusa maji kesho ni ya nani?"

Zaituni aliangalia orodha iliyobandikwa ukutani. "Ni yangu, Mwalimu. Mimi na Koleta."